Ukuta wa Baba Ulioupaka Rangi

Maabara, ghorofa ya chini,
chumba kinachotazamana na choo kibovu.
Jumamosi, tarehe 9 Mei.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nimeiweka hapa juu kabisa, kabla sijaanza kufoka, usije ukamwambia mama kwamba nimekukosea adabu. U mzima? Wifi hajambo? Na mwanao, lile jino la mbele limeshaota? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kukaa kitini kutwa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Mama hajambo. Presha imetulia, anakula vizuri, na kila anayepita anaitwa aje auone ukuta mpya. Anakusifu mpaka majirani wameanza kupitia njia ya nyuma. Zifaidi sifa hizo taratibu, maana huku kwangu huna hata moja.

Simu zangu hupokei, wiki ya tatu sasa. Najua ni kwa sababu ya maneno niliyoyaandika kwenye kundi la familia ulipoweka zile picha mbili, ukuta kabla ya rangi na ukuta baada ya rangi. Lile neno la kwanza nalifuta, halikufaa mbele ya shangazi. Mengine yote yabaki palepale. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, na barua nimempa mtoto wa shangazi, yule mrefu, anayekuja huko kikazi. Nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka umeisoma mbele yake.

Nianze mwanzo, kwa kuwa kazi yangu hujawahi kuiulizia. Yale mabaka ya kijivu yenye ukingo wa rangi ya chungwa kwenye ukuta wa baba hayakuwa uchafu. Hayakuwa kutu wala ugonjwa wa ngozi, kama mama alivyokuwa akitania. Ile ni kuvumwani. Ni viumbe wawili wanaoishi kama mmoja: kuvu anajenga nyumba, na mwani aliye ndani yake anapika chakula kwa mwanga wa jua. Nilipomweleza mama alicheka, akasema, "Kama mimi na baba yenu." Alielewa mara moja, na yeye hana shahada mbili kama watu fulani.

Miaka miwili iliyopita, nilipokuja likizo, nilikwangua kipande kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba, nikakitia kwenye bahasha ya karatasi nikakisahau mkobani. Nilidhani ni ile ya kawaida inayoota kila paa. Siku nilipokiweka chini ya hadubini nikakuta vijimbegu vyake vina vyumba vinne badala ya viwili. Nikadondosha tone moja la maji ya klorini, maana ndivyo tunavyozijaribu. Ile ya kawaida haibadiliki. Hii iligeuka nyekundu palepale.

Nikaipeleka kwenye vinasaba. Unakata kipande, unakisaga kiwe unga, unatoa vinasaba vyake, mashine inavisoma, halafu unalinganisha na aina zote zilizokwisha kusomwa. Jibu likaja kwamba haimo. Profesa wetu akasema, "Umechafua sampuli. Rudia." Nikarudia, haimo. Akasema rudia tena, nikarudia, haimo! Mzee yule sijawahi kumsikia akimpongeza mtu tangu nimjue. Siku hiyo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Basi hii ni mpya." Kaka, nililia chooni. Hicho hicho kibovu.

Nikaanza kuitafuta kwingine. Nimepanda vilima vinne, na vilele vyake nimevitambaa kwa magoti, lenzi shingoni, pua juu ya mawe. Mlinzi wa mnara wa simu aliniuliza kama nimeangusha hereni, tukaitafuta wote mpaka nikaona aibu kumwambia ukweli. Nikaenda na kwenye machimbo alikotoa mawe baba. Unakumbuka alivyokuwa akichagua? Alilizungusha jiwe, akasema kila jiwe lina uso, na ule upande uliopigwa jua na mvua miaka mingi ndio aliougeuza nje utazame njia. Mabaka yale yalikuja na mawe yenyewe, ni makongwe kuliko wewe. Leo kwenye machimbo yale kuna mashine ya kusaga kokoto, na kilima kizima kimeondoka kwa malori. Kwa tunavyojua, basi, kuvumwani hiyo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ukuta wa hatua ishirini na mbili, nyumbani kwa mama.

Nilikuwa nimeshaichagulia jina. La Kilatini, kama sheria inavyotaka, lakini maana yake ni "ya mwashi". Baba amejenga nyumba za watu maisha yake yote, na hakuna hata moja yenye jina lake. Nilitaka aandikwe mahali ambapo hakuna wa kumfuta. Sikuwaambia kwa sababu nilitaka iwe siri mpaka ichapishwe. Kumbe na wewe ulikuwa na siri yako na fundi.

Sasa sikiliza vizuri. Aina mpya haipewi jina mpaka kipande chake kihifadhiwe makumbusho kama kielelezo, ndani ya bahasha yake, ili mtu akibisha hata baada ya miaka mia aende akaifungue ajionee. Kwa hiyo nikapanda basi na tindo, nyundo na bahasha thelathini. Nikafika getini nikamkuta fundi wako anaosha brashi. "Dada, usiguse, bado mbichi," akaniambia. Halafu, kwa fahari kabisa, "Huu ukuta ulikuwa na madoa sugu! Brashi za waya zimeniishia mbili." Na ndoo saba za klorini. Saba! Mimi natumia tone moja kwenye ncha ya kijiti cha kioo, na hilo moja naliandika daftarini.

Nilipiga magoti na lenzi yangu nikaukagua ukuta wote, hatua ishirini na mbili, mbele na nyuma. Hakuna kitu. Weupe mtupu. Mama alidhani nakagua kazi ya fundi, akaniinamia akaninong'oneza, "Pale chini nimeshamwambia atarudia." Nikamwitikia, ndiyo mama. Ningemwambia nini, na furaha aliyokuwa nayo?

Nimekukasirikia, kaka. Nimekukasirikia mpaka chakula hakipiti. Simu moja tu ingetosha: dada, naupaka ukuta rangi, una maoni gani? Lakini wapi! Bwana Usafi hana haja ya kuuliza. Wewe uliyekuwa ukipiga pasi soksi. Wewe uliyemwogesha paka wa watu kwa sabuni ya unga mpaka wakaja kutushtaki. Miaka kumi na moja hujatia mguu nyumbani, hata baba tulimzika wewe ukiwa kwenye kioo cha simu, halafu unakaa huko mbali unaamuru kazi ya mikono yake isuguliwe kwa waya! Hili nimeliandika na silifuti.

Ila na mimi nina langu, na bora ulisikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Kile kipande changu hakipo tena. Profesa aliposema rudia tena, nilikuwa nimebakiza kidogo kama punje ya mchele, nikakisaga chote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba lazima ubakize. Nami nawafundisha hao wanafunzi! Sikubakiza kwa sababu nilijua ukuta upo. Ukuta wa baba uende wapi? Sasa makala yangu iko mezani kwa Profesa, haina kielelezo, na ameniambia bila kunitazama kwamba jina la namna hiyo ni umbea tu.

Juzi mama akanionyesha picha ya mwanao anacheka na pengo lake. Nyuma ya sikio lake, dirishani, kuna jiwe. Nililitambua hapo hapo. Ni lile la juu kabisa kwenye kona ya geti, ambalo baba alilibandua kwa tindo siku unaondoka, akaziba nafasi kwa jingine, akakutilia begini, na wewe ukalalamika kwamba begi limekuwa zito. Ubavuni mwake kuna baka. Nimeikuza picha mpaka ikageuka vipande vipande, na nadhani naona ukingo wa rangi ya chungwa. Inaweza kuwa aina nyingine. Inaweza kuwa rangi ya kuchorea ya mtoto. Sijui, mpaka nilione kwa macho.

Kwa hiyo nakuomba, na hii ni mara ya kwanza kwenye barua hii kukuomba: usilioshe. Usilifute, hata kwa kitambaa kikavu. Najua Jumamosi ni siku yako ya kufuta vumbi, na leo ni Jumamosi, na hapa nilipo natoka jasho. Mpe mtoto wa shangazi jiwe hilo aje nalo. Lifunge kwa karatasi kavu, sio mfuko wa plastiki, litaota ukungu. Kama baka limekufa si neno, vya makumbusho vyote ni vikavu. Nitakata kidogo tu kama kifungo cha shati, kingine nitakibakiza, na jiwe nitakurudishia. Najua ndicho kitu pekee cha baba ulicho nacho huko.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hata rangi. Kila kielelezo kina lebo yake: kilitolewa wapi, kilitolewa na nani, na lini. Lebo haiulizi nani alisoma vinasaba wala nani alitambaa vilimani. Nimejaribu kuliingiza jina langu kwa kila njia, haliingii. Aliyelitoa jiwe ukutani ni baba. Aliyelibeba ni wewe. Likiwa ndilo lenyewe, basi lebo itakuwa na jina la baba, kisha lako, wewe wa ndoo saba, na mimi simo. Nilipolitambua hilo nilipiga meza mpaka Profesa akaja kuchungulia.

Nisalimie sana wifi, mwambie zile picha za mtoto azitume kwangu pia, tena azipige karibu na dirisha. Mwanao mwambie shangazi yake anampenda, na asichezee jiwe. Shangazi mkubwa anakusalimu, na amenisamehe lile neno.

Mama anakumbuka ulivyoondoka ilikuwa Jumanne na mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye lebo hiyo haitoshi. Tazama kwenye pasipoti yako, kisha uniandikie nyuma ya karatasi hii tarehe uliyoondoka nyumbani.

Mungu akulinde, na akuzuie mikono.

Ni mimi nikupendaye, na leo nimejilazimisha,
Mdogo wako