Saa Saba za Dar

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha masufuria ya msiba tangu asubuhi. Tuliazima kwa nyumba tano, kila nyumba ina alama yake ya rangi chini ya sufuria. Nimeyapanga kwa alama. Mgongo unauma.

Jana tumemzika Baba. Wengi wameshaondoka. Turubai limebaki, linavuja.

Sijalia. Nangoja nipate nafasi.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka Joakimu kanikatia tiketi. Ruhusa yangu shuleni inaisha Jumapili. Songea mpaka Dar, kisha Dar mpaka Mwanza. Dar nafika saa tatu na nusu asubuhi, naondoka saa kumi na nusu jioni. Saa saba.

Kaka kasema, "Kaa hapohapo uwanjani. Dar ina foleni."

Hakuwa anazungumzia foleni. Anajua nami najua.

Niandike wazi, hapa hakuna anayesoma. Dada yetu Tina yuko Dar. Aliolewa na Hamisi, akasilimu, wakamwita Rukia. Baba alisema asikanyage tena nyumbani. Miaka tisa sasa. Jumapili iliyopita Baba alipokata roho, Joakimu aliita kikao palepale nje ya wodi. Akasema Tina asiambiwe, alishachagua watu wake. Wajomba wakaitikia. Mama akaangalia chini. Mimi sikusema kitu. Kutosema kitu ndiyo kuitikia kwenyewe.

Naona aibu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kaniuliza ndege inakaa Dar saa ngapi. Nikamwambia saba. Baada ya chakula kauliza tena. Nikamwambia tena saba. Akaenda chumbani.

Jioni nimekuta sweta ya Baba ndani ya begi langu, ile ya kijani, imekunjwa vizuri. Hakuniambia nimpelekee nani. Sikuuliza.

Namba ya Tina ya zamani haipatikani. Hapa nyumbani hakuna aliye na mpya. Au hakuna anayesema anayo.

Jumamosi, 15 Machi. Saa nne asubuhi, nje ya uwanja wa ndege

Nimetua. Joto limenipiga usoni. Nimekaa kwenye benchi dakika ishirini nzima nikijiambia nitakaa hapa na kusahihisha mitihani.

Nimesimama. Natafuta bajaji. Naanzia Buguruni, ndiyo nyumba pekee ninayoijua. Nililala pale mwaka wa kwanza wa chuo. Tina alinipa kitanda, yeye na Hamisi wakalala chini. Kisha Joakimu akaniambia nihame, nikahama. Sikumuaga vizuri.

Saa tano na nusu, Buguruni

Wamehama. Miaka mingi. Nyumba ina wapangaji wapya, hawawajui. Nimezunguka kwenye joto. Mama Salehe, jirani wa zamani, ndiye aliyenitambua. Kanitazama kitambaa cheusi kichwani, akapunguza sauti. Kasema wako Tandika, Temeke huko, nyuma ya sokoni, niulize fundi cherehani Mama Zawadi. Kwa hiyo wana mtoto. Anaitwa Zawadi. Mimi ni mama mdogo wa mtu na sikujua.

Zimebaki saa tano. Nitoe moja na nusu ya kurudi na ukaguzi.

Saa tisa kasoro, ndani ya bajaji

Naandika huku tumesimama. Mvua. Foleni. Herufi zinacheza. Lakini nisipoandika sasa nitaanza kuyalainisha.

Nilimkuta barazani kwake, kwenye cherehani. Vitambaa kila mahali, nguo za Idi za watoto wa watu. Amenenepa kidogo. Kajifunga ushungi. Aliinua macho, akaniona, akaona kitambaa. Mguu ukaacha kukanyaga.

"Lini?"

"Jumapili."

"Mtamzika lini?"

"Tulimzika Jumanne."

Alirudia polepole. "Mmeshamzika." Kisha akainama, akaendelea kushona. Alishona mshono mzima umepinda. Akauangalia. Akaanza kuufumua, uzi mmoja mmoja. Nilisimama tu na begi langu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba alikuwa anampigia simu. Miaka minne sasa. Kila Jumapili baada ya misa, akishuka shambani ambako hakuna mtu wa kumsikia. Walikuwa wanaongea mahindi, mvua, miguu yake. Alikuwa anaongea na Zawadi. Alimwahidi Tina kwamba ataliweka sawa na Joakimu, halafu atamwita nyumbani. Kila mara alisema, bado kidogo.

"Jumapili mbili hakupiga. Nikapiga mimi. Nikapiga sana, Anjela. Mtu alikuwa anakata."

Nilikumbuka. Pale wodini, simu ya Baba ilikuwa inaita, imeandikwa Fundi Cherehani. Niliona ni mtu anayedai hela ya suruali. Nilikata mwenyewe. Mara tatu, labda nne. Baba amelala upande wangu wa kushoto, anaweza kusikia, hawezi kusema vizuri.

Nikamwambia. "Ni mimi niliyekata."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliuliza kitu kimoja tu: kama Baba alimuulizia. Nikasema ukweli. Ijumaa kabla hajafa aliita Tina, mara mbili. Joakimu akasema ni homa. Mimi nikampa maji.

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Tulilia barazani, watu wanapita, majirani wanasimama. Mwenye duka la jirani akazima redio.

Hamisi alirudi kutoka msikitini. Mvi zimemjaa kidevuni. Tina kamwambia. Hakuuliza tumemzika lini wala kwa nini hawakuambiwa. Alikaa kwenye mkeka, akainua mikono, akamwombea Baba. Baba ambaye hakuwahi kumkaribisha hata kwa maji. Kisha akaniambia, "Pole sana, shemeji. Umekula?"

Tina kanipikia wali na maharage, naye amefunga Ramadhani. Nilimwambia asipike, mie nipo Kwaresima, njaa naizoea. Akasema Kwaresima yenu inaruhusu kula mchana, kaa chini. Nilikula ananitazama. Wali ulikuwa na nazi. Kwetu hatutii nazi. Nilimaliza wote.

Nikampa sweta. Aliinusa. Akasema Mama ndiye aliyeikunja, anajua anavyokunja. Akaivaa juu ya dera, kwenye joto lile la Temeke, akakaa nayo.

Kisha simu ikaita. Joakimu. Nikapokea mbele yao, mdomo ukasema wenyewe: "Niko uwanjani, kaka. Nasahihisha." Nikakata.

Tina alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nenda basi uwanjani," akasema. "Usije ukachelewa." Akageukia cherehani.

Nilivaa viatu. Nilifika barabarani. Nikasimama karibu na wauza ndizi. Nina miaka thelathini na nne, nafundisha watoto mia na zaidi, nikisema kaeni wanakaa. Na namwogopa kaka yangu.

Nikarudi. Nilimpigia nimesimama mbele ya Tina, nikaweka sauti ya nje.

"Kaka, nilikudanganya. Niko Tandika, kwa dada. Nimemwambia kila kitu. Baba alikuwa anaongea naye kila Jumapili. Alipomwita pale wodini haikuwa homa."

Nilisikia mtu dukani kwake akiulizia misumari. Joakimu akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Tina alinishika mikono yote miwili. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Chelewa sasa, ndege itakuacha." Hamisi akaenda mbio kwenye mvua kuniitia bajaji hii. Zawadi yuko kwa bibi yake Mikocheni, sikumwona. Nimeona picha. Ana paji la uso la Baba.

Tumeanza kusogea.

Saa kumi na robo, ndani ya ndege

Nilikuwa mtu wa mwisho kupanda. Viatu vimeloa. Dada wa ndege kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Jumapili, 16 Machi. Mwanza

Misa ya asubuhi. Sikukomunika. Nitaenda kuungama, lakini sijui nianzie dhambi ipi.

Mama kapiga kwa simu ya jirani. Kauliza kama nilifika salama. Kauliza kama Dar kulikuwa na mvua. Nikamwambia, "Mama, ana mtoto wa kike." Akajibu kwa sauti ndogo: "Najua. Baba yako alikuwa anaongea usingizini." Akaomba nimtumie namba ya Tina.

Jumatano, 26 Machi

Joakimu hapigi. Hajibu. Mkewe kanitumia ujumbe: Joakimu anasema nimewavua nguo mbele za watu. Sina la kurudisha nyuma.

Nasahihisha Kidato cha Pili. Wanaandika vibaya. Nimewapa alama zaidi ya wanazostahili.

Jumamosi, 12 Aprili

Tina yuko Songea. Alifika juzi kwa basi na Zawadi. Hamisi amebaki Dar, alisema safari hii ni ya Tina na mama yake.

Mama kanisimulia. Waliingia kwa mlango wa mbele. Jana walienda kaburini. Tina aling'oa majani yaliyoota, akakaa kwenye udongo mpaka Zawadi akalalamika siafu. Joakimu hakuja. Hata leo hajaja. Ila asubuhi mkewe alileta ndoo ya unga na maharage, akasema vimetoka kwa baba Eriki, ndiye Joakimu, akaondoka bila kukaa. Mama anasema tusiulize zaidi. Siulizi.

Mtoto amelala kitanda changu cha zamani.

Hapa kwangu mvua imekatika. Nimefua mashuka. Nimeyaanika uani, nikakaa kwenye kigoda kuyatazama yakikauka.