Nyumba ya Nyigu

Karim,

Salaam. Kazini nilikuita Bwana Karim ijapokuwa nakuzidi miaka kumi na tano, nawe ukiniita Baba Kahindi. Leo niwie radhi, huyo Bwana nimemweka kando. Nikimtanguliza nitashika adabu, na nikishika adabu sitasema.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mke wangu ameniuliza kama tumbo linanikata.

Jana mama yako alifunga duka mchana akaja kwa miguu mpaka kwetu, hapa Changamwe, kumtazama mtoto. Ndiyo, amezaliwa. Wa kiume, ana miezi mitano, hata homa hajaijua. Mama yako amemletea kikoti chako cha utoto, kile chekundu alichokushonea mwenyewe. Alikipakata kwanza, ndipo akanipa. Akasema, "Mwanangu alikupenda. Niambie kweli, Baba Kahindi, alisahau petroli? Alikuwa mzembe hivyo?"

Nikamjibu, "Mungu ndiye ajuaye, Mama."

Mungu anajua. Na mimi najua.

Kiwanjani siku hizi zinatua ndege kubwa tu. Ungezisema weye! Ulikuwa ukisema ndege kubwa inakubeba kama gunia, lakini ndogo unaivaa kama kanzu, upepo ukikugusa begani unajua umetoka wapi. Nyasi bado zinakatwa, ng'ombe bado wanaingia, na hakuna anayewapigia miluzi kutoka juu. Nikisikia injini natoka mbio nje, hata nikiwa na tonge mkononi. Kisha narudi, tonge nalirudisha sahanini.

Nakumbuka siku uliyonipandisha. Tulipita juu ya Likoni, watu kwenye kivuko kama punje za mtama, na ulipoikunja ndege kurudi upande wa Kisauni, uji wote ukanitoka. Ulicheka mpaka tukashuka. "Baba Kahindi, watu wa Mishomoroni wanadhani imenyesha!" Wiki nzima ukinisalimu hivyo: habari ya mvua? Nami nikicheka, lakini moyoni iliniuma kidogo. Nakuambia hili kwa sababu ndilo lililokuua.

Kazi yangu kila asubuhi uliijua. Kufuta mafuta, kutazama magurudumu, kupanda ngazi mpaka kwenye tangi la juu ya bawa, na kuingiza waya kwenye kile kibomba kidogo cha hewa. Wewe mwenyewe ulinifundisha. "Tangi nalo linapumua, Baba Kahindi. Lisipopumua, injini inakufa na petroli imejaa." Sikusahau. Ningesahau ingekuwa afadhali.

Asubuhi ile, ya kupeleka dawa Lamu, nilipanda nikamkuta nyigu. Amejenga pale pale kwenye kibomba, udongo bado mbichi. Na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulikwisha kuzika wawili, Karim, Kahindi na mdogo wake. Wawili. Bibi yangu huko Rabai alitukataza tangu utotoni: mwenye mke mjamzito asivunje nyumba ya nyigu, atakuwa amevunja na ya mwanawe. Mimi nimebatizwa, nimesoma misheni madarasa manne, kanisani nasimama mbele. Mkono ukakataa. Waya ninao, mkono haushuki.

Ningekuita tu. Ungepanda mwenyewe, ungeitoa kwa ukucha, basi. Ungenicheka mpaka Ijumaa, na leo ungekuwa unanicheka bado. Lakini nilikwisha chekwa kwa ajili ya uji, sikutaka kuchekwa na kwa ajili ya nyigu. Nikatazama tena nikajiambia tundu halijaziba lote, pumzi itapita. Nikashuka. Ukaniuliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari, Bwana Karim."

Nikakuzungushia panga la mbele la ndege kwa mkono wangu huu, injini ikawaka.

Ulipoangukia kwenye mikoko nilikuwa miongoni mwa walioingia topeni kukutoa. Walipokubeba wewe, mimi nilibaki na ndege. Tangi limepasuka, halina kitu. Kibomba kimezibwa kabisa. Nikachokoa ule udongo kwa kidole, nikautupa majini. Hilo sikukatazwa na bibi wala na mtu yeyote. Nililitenda kwa akili zangu. Wakubwa wa kiwanja walipokuja wakaona tangi tupu na bomba safi, wakaandika kwamba rubani aliruka bila petroli ya kutosha. Nami nilisimama hapo hapo, kofia mkononi.

Mke wangu alitaka mtoto aitwe jina lako. Nilimkatalia, na sababu sikumpa. Nilimwogopa mtoto. Kila nikimtazama naona ule udongo.

Karim, barua hii siwezi kuituma popote, kwa hiyo nitaichukua mwenyewe mpaka dukani. Nitaenda sasa hivi kabla jua halijapoa, maana nikingoja kesho nitapata tena neno la Mungu la kujifichia. Nitamsomea mama yako yote, na uji, na nyigu, na kidole. Kisha nitakwenda kwa wakubwa wa kiwanja wafute walichoandika, na wanifanye watakalo.

Kikoti nimekikunja nakwenda nacho. Akishasikia yote, akinirudishia, mtoto atakivaa na jina lako nitampa. Akikishika asinirudishie, nitamwachia. Ni chake.

Lala, rubani wangu. Hukusahau kitu.

Baba Kahindi