Mimi Sikulishwa Karuho

Kwako Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia wewe na baba, Muzee wetu. Mugongo wake unaendelea namna gani? Na huko Butembo baridi imepunguka? Sisi hapa Goma tunaamka. Bwana yangu, Papa Divine, bado anauza sabuni na mafuta pale Katindo, na mimi niko na nguvu. Shika hilo neno, Mama: niko na nguvu. Yenye inafuata ni hasira, sitakudanganya.

Dimanche, siku ya kanisa, nilipiga simu nimusalimie Divine. Ulimupa simu, akaniuliza: "Mama, unakufa siku gani?"

Mutoto wa miaka tatu! Nilikaa chini kwenye mawe. Nilipokuuliza nani anamufundisha maneno hayo, ulijibu kwamba anayasikia tu wakati mama wa shirika la kanisa wanakuja kwako kuniombea. Ukaongeza kwamba mutu hakondi hivi bure, kwamba nimelishwa karuho, ile sumu watu wanawekeana ndani ya chakula, na Divine hatarudi kwangu mpaka niitapike.

Mama, nilikuachia mutoto kwa mikono yangu mwenyewe, juu nilikuwa naenda Kampala kupasuliwa. Nilikueleza: watakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, nitakula kidogo, nitakonda. Uliitika. Au ulikuwa unaitika tu ili nikate simu?

Wewe ulipenda unene wangu. Ulikuwa unaambia watu: "Angalieni namna mukwe wangu anamulisha." Lakini Divine alipokimbilia barabara, mimi sikuweza kumufuata, majirani ndio walimushika. Magoti yalikuwa yanawaka. Docteur alitoa damu, akaona alama moja wanaita CRP. Inapanda wakati mwili unapigana vita ndani. Yangu ilikuwa juu kila mara, hata sina homa wala kidonda. Alisema mafuta ya unene yenyewe ndiyo yalikuwa yanachoma mwili polepole. Baada ya kupasuliwa, nilivyokonda, ile alama nayo ikashuka, na sukari ya damu ikashuka.

Ni kweli, kuniangalia si vizuri sana. Nywele zilianguka nikichana, docteur anasema zitarudi. Ngozi ya mikono inaning'inia kama nguo ya mutu mwengine. Nasikia baridi hata jua likiwaka. Ugali wa fufu nakula kipande kidogo, samaki wa sambaza kidogo, natosheka. Kwenye soko wananiuliza kama bwana amenifukuza. Hao sijali. Nakujali wewe.

Sababu ile chupa ya dawa ya kutapisha karuho ulimupa mudogo wangu Kasereka alete, alimukabidhi Tantine, shangazi ya Papa Divine anayekaa kwetu. Asubuhi Tantine aliimwaga ndani ya buyi, uji wangu, bila kuniambia. Nilitapika mpaka damu ikatoka. Walinibeba kwenye hospitali moja ya Himbi, wakaniwekea maji ya serumu kwenye mushipa. Docteur wa pale aliogopa kwamba mushono wa ndani umefunguka. CRP ilikuwa imepanda tena. Akauliza nimekunywa nini. Mimi sikujua, ni Tantine alijibu, kifua mbele, kama mutu anayengoja asante:

"Docteur, nimemutoa sumu. Angalieni ndani ya beseni, mutaiona."

"Mama," docteur akamujibu, "sumu ni ile yako."

Mungu alisaidia, mushono haukufunguka, na ekzame ya mwisho ya damu inaonyesha alama imeshuka. Tantine analia kila siku, anasema alitumwa. Ni kweli, alitumwa. Nani alimutuma, Mama? Wewe uliyenibeba mugongoni ungeniua, na kwenye maziko ungesema ni karuho.

Najua ni upendo. Nakukasirikia hata hivyo. Ningekuwa mugeni kwako, ungeniuliza kwanza.

Na sasa naweza kukimbia. Juzi nilitoka kwenye maji mpaka nyumbani na bido moja, dumu la maji limejaa, sikupumzika. Nilifurahi, halafu nikakumbuka hakuna mutoto wa kukimbia naye, nikalia na bido kichwani.

Munisalimie mukubwa wangu Masika na bwana yake mwalimu. Mama wa shirika uwaambie wasinitoe tena kwenye sala za wagonjwa na kuniingiza kwa za wafu, waombee tu barabara ya kutoka kwenu mpaka Goma. Muzee umushike mikono, umwambie binti yake anakula, anacheka, anagomba.

Barua hii ni Papa Divine ameileta. Alipanda gari, akapita Rutshuru na vizuizi vyote, na sasa unaposoma amekaa mbele yako. Hatakula mpaka umalize, nilimuapisha. Hakuja kubishana. Amekuja kuchukua mutoto. Umufungie Divine nguo zake, umuvalishe sweta, na wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, umwambie kwamba mama yake anaishi.

Mutoto wako, bado nikiwa wako,
Kavira, Mama Divine