Nilisafisha Majina, Nikawafufua Marehemu

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kwa sababu nimekwama pabaya na sina wa kumwambia, mama nikimwambia atalia, rafiki zangu nikiwaambia watacheka. Mimi ni kijana wa kompyuta kwenye kliniki ya sukari ya hospitali moja, kompyuta sikuisomea popote, nimejifunza kwenye simu, video baada ya video, mpaka wenzangu wakanibandika jina Injinia, kichwa kikavimba, nikalipenda.

Sasa daktari mkuu akaniita, akasema wagonjwa wengi wameacha kuja, anataka wote waandikiwe barua, kila mtu kwa jina lake, kwa hiyo nisafishe orodha kwenye ekseli halafu mashine ichape yenyewe. Nikafungua faili, we! Safu ya majina ilikuwa jalala. Majina matatu yamebanana chumba kimoja, mengine herufi kubwa, mengine ndogo, halafu baada ya jina koma, na baada ya koma maneno: "anapenda kuitwa Mwalimu", "haoni, apigiwe binti yake", "kahamia kwa mwanawe". Mwandishi ni mama wa masjala, tunamwita Bibi, anachapa kwa kidole kimoja, imebaki miezi saba astaafu. Nikasema moyoni, huyu Bibi naye, kwenye jina la mtu ndiyo pa kuandikia umbea? Nikaweka fomula, kila kilicho baada ya koma kifutike, jina la kwanza likae kwake, la ukoo kwake. Mistari elfu moja na mia nne, sekunde mbili, safi kama sahani! Nilijipigia makofi. Sikusoma yote, mshauri, nilisoma kama ishirini ya juu. Huko chini, baada ya koma, Bibi alikuwa ameandika "marehemu". Watu sitini na watatu.

Barua za kwanza zikatoka, nyingine bado ziko kwenye maboksi. "Mpendwa fulani, hatujakuona siku nyingi, njoo, tunakusubiri." Wiki haijaisha akaja mama mmoja, barua kaikunja mara nne, akaiweka kaunta, wala hakupaza sauti. "Mwanangu, mume wangu kafia humu humu, ghorofa ya juu, kitanda cha dirishani. Mlimfunika nyinyi. Leo ndiyo hamjamwona siku nyingi?" Wakaja wengine, wengine wakapiga simu, mmoja alitukana mpaka salio likamwishia.

Daktari akamwita Bibi mbele yetu sote. "Kwa nini hukuandika waliofariki?"

"Niliandika, daktari."

"Wapi? Nionyeshe."

Faili likafunguliwa, lile langu, safi. Bibi akavaa miwani, akavua, akaifuta kwa pindo la gauni, akavaa tena. Akanigeukia. "Injinia mwanangu, si wewe uliyelishika hili faili? Hukuona nimeandika?" Na mimi, mshauri, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Sikuona, Bibi." Akasema polepole, "Basi labda ni uzee. Labda nilidhani tu nimeandika."

Tangu siku hiyo anaandika kila kitu kwenye karatasi, hata kwamba amefunga mlango, halafu anarudi kuutikisa. Mwisho wa mwezi kuna kikao cha kumwondoa. Faili la zamani ninalo kwenye flashi. Nimewaza nirudishe maneno yake kimyakimya, halafu niseme kompyuta ilikuwa imeyaficha, Bibi apone na mimi nipone. Nifanye hivyo? Chakula hakipiti, usingizi sina, maji yamenifika shingoni.

Injinia wa uongo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika.

Kufuta ni kosa la mtu mwenye mbio ambaye hakuwa na wa kumwambia "ngoja, soma mpaka chini". Hata waliosomea hufanya. Ila ulichokiita umbea ndiyo iliyokuwa kliniki yenyewe: nani haoni, nani kahama, nani hayupo tena. Bibi alikuwa humo humo hospitalini. Kumuuliza kungekula dakika tano!

Lakini "Sikuona, Bibi" usiibebeshe kompyuta. Hapo ulimpora mtu mzima akili zake mchana kweupe, watu wakitazama. Na hiyo hila yako mpya? Daktari ataita fundi wa kweli, fundi ataangalia tarehe faili lilipoguswa, na utakuwa umefukuzwa kwa uongo wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe vimeshakuumbua vifo sitini na vitatu. Unataka vingapi?

Sasa nisikilize. Maboksi yaliyobaki yasitoke, hata bahasha moja. Lile faili la zamani lichape lote, umpelekee Bibi nyumbani kwake, kabla ya kikao, kabla ya daktari. Mwonyeshe kila mstari alioandika kwa kidole chake. Mwambie ulifuta wewe na ulikana wewe. Kesho yake useme hivyo hivyo mbele ya wale wale waliokuwepo. Usimvute daktari pembeni. Bibi hakuaibishwa pembeni. Halafu familia. Usithubutu kuwaandikia. Nenda kwa miguu, anza na yule mjane, na usimweleze habari za fomula. Sema pole, unyamaze, akikufukuza ondoka.

Kazi huenda ukaikosa, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba ukweli unalipa kodi ya nyumba. Bibi naye huenda asikusamehe. Ameshaanza kujiogopa mwenyewe, na hofu ya namna hiyo haitoki kwa karatasi moja. Hilo utaishi nalo, sina dawa yake. Ninachojua ni kwamba kila siku unayongoja anazidi kuamini uongo wako.

Umesoma mpaka hapa? Basi weka gazeti chini, vaa viatu.