Makaa ya Mawe Tuliyopeleka Nduta

Dada Rehema, shikamoo. Huku Kibondo ni baridi na mvua haikatiki. Leo katika kambi ya wakimbizi ya Nduta tumejaribu yale makaa ya mawe ya kahawia niliyohangaika nayo maabarani yasitoe moshi, ili wanawake waache kufuata kuni porini, ambako wanaviziwa na kupigwa. Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi, alibandika maharage. Moshi ukajaa jikoni, akakohoa mpaka akakaa chini.

“Mwanangu, haya yatatuua,” aliniambia kwa upole, akaepua sufuria. Kisha akachukua kamba ya kufungia kuni, akaelekea porini kwenye mvua.

Nimekata tamaa, dada. Wakumbatie watoto kwa ajili yangu, nanyi mkae salama.

Mdogo wako, Tumaini