Feni ya Mtoto Kapewa Kompyuta

Shadya shoga yangu, nna mke mwenza, na ni kompyuta!

Nimerudi darasa la jioni, mwanangu anatoka jasho, feni yetu pekee inaipepea kompyuta ya mume wangu Ayoub. Kompyuta!

Ayoub ananambia, "Usiigeuze feni, kompyuta inawapigia wanasayansi hesabu za dawa ya malaria." Anawaazima kompyuta kwa kujitolea, bure, shoga. Mimi mkewe nikiiomba nifanyie kazi ya darasani, naambiwa ina shughuli.

Leo mwalimu kanambia programu ya hizo hesabu hujisimamisha yenyewe mtu akigusa kibodi, kisha huendelea akimaliza. Hujisimamisha!

Nikamwambia Ayoub. Kanijibu, "Najua, lakini ikisimama, timu yetu ya wanaojitolea itapitwa pointi na timu nyingine."

Anajua!

Feni nshamgeuzia mwanangu. Nakuandikia kwenye hiyo hiyo kompyuta, mwenyewe kanuna pembeni. Kazi ya darasani naanza sasa, wala sina haraka.