Ikate Mkia, Haigawanyiki

Mfaranyaki, Songea
9 Oktoba 1994

Mpendwa mdogo wangu Isidori,

Leo Jumapili imetimia miaka thelathini na moja tangu niondoke Kibosho kuja kufundisha hesabu huku kusini. Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Je, kifua kinakuachia usingizi sasa? Na mguu wa dada yetu Fausta umepona? Mimi na Lidwina tu wazima, ila goti langu moja hulalamikia baridi.

Umeniandikia kwamba ukoo umekaa na kuamua: nirudi kabla ya Krismasi nishike kihamba cha marehemu baba, shamba lile la migomba la ukoo, na nije peke yangu, kwa kuwa mke wangu Lidwina ni Mngoni na ana kwao. Nisiporudi, migomba igawanywe. Nimekuelewa. Kabla sijajibu, nivumilie nikueleze habari ya namba moja.

Ni 73,939,133. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba za namna hiyo ziko nyingi, lakini hii ikate tarakimu ya mwisho: inabaki 7,393,913, nayo haigawanyiki. Kata tena, 739,391, haigawanyiki. Kata mpaka ibaki saba peke yake. Hakuna mahali utakapopata pa kuipasua. Niliikuta katika kitabu cha zamani, sikuamini, nikakaa nikigawanya majira yote ya mvua. Jirani yetu Majaliwa, muuza mitumba, alinicheka.

"Mwalimu, siku hizi kila kitu sokoni. Hiyo namba inanunua nini?"

"Hainunui kitu. Inakataa tu."

"Basi mmefanana!" Lidwina akadakia kutoka jikoni.

Nami nimekatwa, Isidori. Mwaka juzi nilipunguzwa kazini. Kisha nyumba ya shule ikaenda. Kisha binti yetu Leticia akahamia Dar es Salaam. Kila mara aliyebaki alikuwa Pankrasi mzima. Siku tulipotoka nyumba ya shule, Lidwina alinifungulia mlango wa nyumba waliyomwachia wazazi wake, akasema, "Ingia, mume wangu, huna mizigo ya kukuchelewesha."

Jambo la pili la namba hii ndilo jibu langu. Ongeza tarakimu yoyote mwishoni, itagawanyika. Weka 1 au 7, tatu inaingia bila kubakiza kitu. Hizo nimezihakiki mwenyewe. Kwa 3 na 9 nimekiamini kitabu. Imefika kimo chake, haitaki nyongeza. Kihamba mnachoniongezea kina panga ndani yake: kinanitenga na mke wangu.

Kwa hiyo fungu langu lote apewe Fausta, aliyeweka samadi kwenye migomba ile miaka yote ambayo sikuwapo. Mtasema mwanamke hapewi kihamba. Semeni. Mimi ndiye kifungua mimba wa baba, na mgawo mwingine wowote siukubali. Mpe mzee wa ukoo, Rupert, aisome barua hii kwa sauti, Fausta akiwa amekaa mbele, si jikoni.

Nisalimie shemeji Kunegunda na kijana wenu Anord. Mungu awape mvua ya kiasi, na upepo usiiangushe migomba. Lidwina anawasalimu nyote. Amenituma niandike kwamba hana kinyongo. Mimi ninacho kidogo, kitapoa.

Ninawapenda. Sitarudi.

Kaka yako, ambaye hajaacha kukupenda,
Pankrasi